Marehemu Alikuwa Akiugua Nini?

Kurasa za mwisho za kitabu chetu cha mwaka ndizo zinazofunguliwa kwanza. Sote tunalijua hilo, na wahariri wetu wanalijua, ingawa wao hujitaabisha sana na picha za harusi na majina ya watoto waliofaulu mitihani. Mtu akikipokea kitabu, hata koti hajavua, hukimbilia taazia: nani katutoka mwaka huu, nani alikuwa Muscat, nani Mombasa, nani alikuwa hapa hapa Edmonton akazikwa bila ya sisi kupata khabari. Basi na mimi, kwa idhini ya wahariri, nataka kusema maneno machache juu ya kurasa hizo. Naomba radhi mapema kwa wale ambao yatawagusa, maana najua zipo nyumba ambazo msiba bado ni mbichi.

Majira ya baridi yaliyopita nilivitoa kabatini vitabu vyote nilivyonavyo, nikazisoma taazia moja baada ya moja. Aghlabu zimeandikwa kwa sentensi ile ile: "Marehemu alifariki dunia baada ya kuugua kwa muda mrefu." Baada ya hapo hufuata ukoo wake, skuli aliyosoma, kazi aliyofanya na idadi ya watoto na wajukuu. Muda mrefu gani? Miezi sita au miaka ishirini? Alikuwa akiugua nini? Na nani aliyekuwa akimwuguza? Jibu hulipati. Ni kama mtu aliingia chumbani, mlango ukafungwa, na ulipokuja kufunguliwa likatoka jeneza.

Rai yangu ni kuwa sentensi hiyo tumeitumia vya kutosha. Naona umefika wakati taazia zetu zitaje maradhi kwa jina lake, na zimtaje aliyemwuguza marehemu kwa jina lake. Najua rai hii haitapendwa na wote. Mzee mmoja tunayemheshimu sana ameshaniambia, "Mwanangu, maiti ana haki yake ya sitara." Nitamjibu mbele, kwa adabu zake.

Nina sababu ya kulishikilia jambo hili. Mama yangu mdogo, ambaye ukoo mzima tukimwita Bi Mdogo, alifariki mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 73. Alikuja nchi hii mwaka 1968, akashona nguo katika viwanda vya huku kaskazini ya London mpaka macho yakamchoka. Mwaka 1994 aliambiwa ana kisukari. Mwaka 2013 figo zikashindwa kazi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa mashine ya kusafisha damu: mara tatu kwa wiki, saa nne kila mara, Jumanne, Alkhamisi na Jumamosi, miaka tisa. Gari lilikuja kumchukua kabla ya alfajiri ya majira ya baridi haijapambazuka, na yeye alikuwa ameshakaa kitini mlangoni, buibui limenyooka, mkoba magotini. Hakupenda kumkalisha dereva.

Wasiowahi kuishi na mgonjwa wa figo hudhani taabu yake ni mashine. Mashine unaizoea. Taabu ni jikoni. Mgonjwa wa namna hii hupimiwa maji ya kunywa kwa siku, na supu na chai zote huhesabiwa humo. Vile vile hukatazwa vyakula vyenye madini ya potasiamu kwa wingi, kwani figo haziwezi kuyatoa na yakizidi moyo unaweza kusimama. Sasa tazama orodha yake: ndizi, viazi, muhogo, nazi, tende, nyanya. Yaani alichokatazwa ni Unguja yenyewe. Binti yake alijifunza kukata viazi vidogo vidogo, kuvichemsha, kumwaga maji na kuvichemsha tena, ndipo mama yake apate kuonja. Kiu ikimshika humumunya kipande cha barafu. Mkononi alikuwa na mshipa uliounganishwa kwa ajili ya sindano, na mshipa huo huvuma ukiugusa. Wajukuu walikuwa wakiweka vidole vyao hapo, naye akiwaambia ndani kuna nyuki aliyemmeza kwa bahati mbaya huko Bububu.

Huyo ndiye aliyeandikwa humu mwaka ule kuwa "aliugua kwa muda mrefu".

Lakini lau ingekuwa ni huzuni yangu tu nisingewasumbua wahariri. Baada ya mwaka na kitu, binti wa jamaa yetu, msichana wa miaka 31, alikwenda kwa daktari kwa sababu ya uchovu. Daktari akamwuliza kama katika ukoo wao kuna mwenye kisukari au ugonjwa wa figo. Akajibu hapana. Hakusema uwongo: kwao ilikuwa ikisemwa Bi Mdogo "ana presha", na kuwa bibi yao aliyefariki Ng'ambo mwaka 1958 "alivimba miguu kisha macho yakamfa". Hakuna aliyewahi kuziunganisha khabari hizo mbili mbele yake. Jibu lile likamfanya daktari atafute mengine kwanza, upungufu wa damu, fikra nyingi, kazi za usiku. Mkojo wake ulipokuja kupimwa miezi kadhaa baadaye ilionekana figo zimeshaanza kuvuja, na sukari yake iko juu.

Nieleze hapa jambo ambalo vijana wetu wengi hawalijui. Kisukari cha ukubwani hufuata damu. Mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari yumo katika khatari zaidi kuliko mwengine, na watu wa asili ya Afrika na Asia wamo khatarini zaidi tena. Figo nazo hazipigi kelele. Huharibika kwa miaka bila ya maumivu, na mwanzoni kinachozigundua ni kipimo cha damu na cha mkojo tu. Uchunguzi wa afya ambao huduma ya taifa ya England huwaitia watu huanzia umri wa miaka 40. Msichana wa miaka 31 haitwi na mtu. Atapimwa ikiwa yeye mwenyewe atasema, "Kwetu yako maradhi haya." Na atasemaje, ikiwa waliokuwa wakijua wameyafukia kaburini?

Wala tusidhani kuficha ni jambo letu sisi tu, kwamba Waingereza wao husema kila kitu. Atokaye Fore Street akapita Edmonton Green na kuingia Church Street ataikuta nyumba ndogo ya zamani ambayo leo huitwa Lamb's Cottage. Alihamia humo mwaka 1833 mwandishi Charles Lamb pamoja na dada yake Mary. Wale waliosoma skuli za wakati wa Mngereza huenda wakakumbuka kitabu cha hadithi za Shakespeare zilizofupishwa kwa watoto. Kitabu hicho, kilichotoka mwaka 1807, ni kazi ya ndugu hawa wawili, ijapokuwa kilipochapwa mara ya kwanza kilibeba jina la mwanamume peke yake.

Mary alikuwa na maradhi ya akili. Mwezi wa Septemba 1796, yalipompanda, alimwua mama yao kwa kisu. Charles alikuwa na umri wa miaka 21. Aliwaahidi wakubwa kuwa atamtunza dada yake mwenyewe asifungwe maisha, na akaitimiza ahadi hiyo miaka 38, hakuoa. Dalili zilipoanza kurudi, wawili hao walitoka wakafuata njia ya mashambani kwenda nyumba ya wagonjwa, wakilia, huku wamelichukua wenyewe lile vazi la kumfunga mikono. Hiyo nyumba ya Church Street nayo ilikuwa ya watu waliokuwa wakipokea wagonjwa wa namna hiyo, na Charles akahamia humo ili asitengane naye. Alifariki tarehe 27 Desemba 1834. Mary alimfuata mwaka 1847, akazikwa pamoja naye katika uwanja wa kanisa la All Saints, hatua chache kutoka hapo.

Na muda wote huo wasomaji wao hawakujua. Marafiki walijua wakanyamaza. Mwaka 1848 tu, Mary alipokwisha kuzikwa, ndipo rafiki yao Talfourd alipochapisha khabari yenyewe. Mimi siwalaumu kwa kungoja, kwani mgonjwa alikuwa hai na khabari ilikuwa nzito. Ila nimepata kusimama pale kaburini, nikajiuliza tungekuwa tunamjua nani lau Talfourd naye angeandika kuwa mwanamke huyu aliugua kwa muda mrefu. Tungemjua mwandishi mcheshi mwenye dada aliyekuwa mgonjwa mgonjwa. Yule kijana wa miaka 21 aliyejitwisha mzigo ule asingejulikana.

Katika Church Street hiyo hiyo, miaka zaidi ya ishirini kabla ya hapo, kulikuwa na nyumba ya bibi wa mshairi John Keats. Mama yake alifia humo mwezi wa Machi 1810, kwa kifua kikuu. Mtoto alikuwa na miaka 14, akisoma Enfield, na kila akija likizo alikuwa akimwuguza mwenyewe: anakesha kitini kando ya kitanda, dawa hampi mtu mwengine ampe, hata chakula akimpikia yeye, na akimsomea hadithi. Baadaye akawekwa kwa daktari mmoja wa mtaa ule ule ajifunze kazi. Mdogo wake, Tom, naye akapata kifua kikuu, naye akamwuguza mpaka alipokufa Desemba 1818 akiwa na miaka 19. Mwezi wa Februari 1820 Keats akakohoa damu, akaitazama kwa mwanga wa mshumaa, na kwa kuwa alisomea udaktari akajua ndiyo basi. Alifia Rome mwaka uliofuata. Miaka yake ilikuwa 25.

Wakati ule madaktari wengi wa Uingereza walidhani kifua kikuu ni cha kurithi tu, hakiambukizi, na kijidudu chake hakikugunduliwa mpaka mwaka 1882. Kwa hivyo waliowaacha ndugu wakalala chumba kimoja na mgonjwa hawakuwa na la kufanya, elimu haikuwapo. Sisi tunayo. Daktari yupo, kipimo kipo, dawa ipo, na kinachokosekana ni neno moja kutoka kwa mtu mzima wa nyumba.

Huko tulikotoka nako mambo yamebadilika kuliko tunavyodhani sisi tuliobaki na desturi za mwaka tulioondoka. Mwalimu Nyerere alipofariki katika hospitali ya St Thomas' hapa London tarehe 14 Oktoba 1999, taifa lilielezwa kuwa ni saratani ya damu. Mzee Ali Hassan Mwinyi alipofariki tarehe 29 Februari 2024, Rais Samia alisema waziwazi alipotangaza msiba kuwa marehemu alikuwa na saratani ya mapafu, na kuwa alikuwa akitibiwa tangu Novemba 2023 hapa London kisha akarejea nyumbani. Alizikwa Mangapwani, watu wakamlilia, na sikusikia kuwa heshima yake ilipungua hata kidogo. Ikiwa Rais wa zamani ametajiwa maradhi yake mbele ya taifa, sisi tunaomficha fundi cherehani wa Edmonton tunamkinga na nini?

Sasa nirudi kwa mzee wangu na neno lake la sitara. Nalikubali. Mgonjwa ana siri zake, na aliyesema "msiseme" maneno yake ni amana, na amana haivunjwi kwa sababu ya kitabu. Lakini wangapi waliulizwa? Bi Mdogo hakupata kusema afichwe. Aliwaonyesha wajukuu mshipa wake na kuufanyia masihara. Waliomficha ni jamaa, na waliyemfichia si yeye, ni macho ya watu. Hiyo si sitara ya maiti, ni haya ya walio hai. Wahenga wamesema mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumepata njia ya kuficha hata baada ya kilio.

Wengine huogopa posa. Husemwa kwamba ikijulikana nyumba fulani ina kisukari, au siko seli, au wazimu, mabinti hawataolewa. Khofu hii naielewa, nimekaa katika mabaraza ilikozungumzwa. Lakini siko seli ndiyo hasa inayotaka kusemwa kabla ya posa. Mtoto huipata kwa kurithi chembe kutoka kwa baba na kwa mama pia, na wawili wenye chembe hiyo, ingawa wao wenyewe ni wazima, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mgonjwa. Watoto wachanga wa nchi hii hupimwa kwa tone la damu la kisigino, kwa hivyo siri itatoka tu, isipokuwa itatoka mtoto akiwa ameshazaliwa. Kipi bora kwa mkwe, kujua kabla au kujua wodini?

Kuhusu UKIMWI, ambao bado kwetu hutajwa kwa kunong'onezana, nitakumbusha jambo moja. Mwanamuziki wa Uganda Philly Lutaaya alikuwa mhamiaji kama sisi, akiishi Sweden. Mwaka 1989 alijitokeza akasema ana maradhi hayo, akarudi kwao akawa anakwenda skuli na makanisani kuwaeleza vijana, watu wengine wakidhani anatafuta kuuza muziki tu. Alifariki Desemba mwaka huo huo. Yeye alikuwa hai na alichagua mwenyewe. Simtaki mtu yeyote achaguliwe. Nataka tuwaulize wagonjwa wetu wakiwa na akili zao, "Ukitangulia, tuseme nini?" Ni swali gumu kulitoa mdomoni, lakini wao hulitazamia kuliko tunavyofikiri.

Limebaki la waliouguza, na hili kwangu ni zito kama la kwanza. Binti wa Bi Mdogo aliacha kazi yake ya afisi mwaka wa pili wa mashine. Katika nchi hii yuko anayemtunza mgonjwa saa 35 au zaidi kwa wiki anayeweza kustahiki posho, na baraza la mji lina wajibu, kwa sheria ya mwaka 2014, wa kumtazama naye ana shida gani. Yeye hakuomba lolote kwa miaka minne, kwa kuwa alikuwa akijibu kama tulivyomfunza: "Mama hajambo, anaumwa kidogo tu." Mtu ambaye mgonjwa wake anaumwa kidogo tu huombea nini posho? Na kwenye taazia akatajwa wa tatu katika orodha ya watoto, kwa kufuata umri, kaka zake wawili wa Dubai wakimtangulia. Kaka hao ni watu wema na walituma pesa kila mwezi. Lakini viazi hawakuchemsha wao.

Wanawake wa namna hii tunao katika nyumba nyingi za Edmonton, na wanaume wachache pia, nao nawajua. Tunawaombea dua siku ya hitma, kisha tunawauliza kwa nini wamekonda na lini watatafuta kazi.

Ninachowaomba wahariri si kikubwa. Katika karatasi wanayowapelekea wafiwa, ambayo huuliza jina, mahali pa kuzaliwa na watoto, waongeze maswali matatu: maradhi yalikuwa nini, yalidumu muda gani, na nani aliuguza. Asiyetaka kujibu aache wazi, asiandamwe. Na ili nisiwe wa kuwatuma wengine tu, nimekwenda kwa binti wa Bi Mdogo, nikamwomba ruhusa, naye akaniruhusu kwa niaba ya nduguze wote, tuichape upya taazia ya mama yake namna hii:

"Alizaliwa Bububu, Unguja, mwaka 1949. Alifariki Edmonton mwaka 2022. Alikuwa na kisukari miaka 28, na figo zake zilipokufa alisafishwa damu kwa mashine miaka tisa, hakukosa hata siku moja ila siku mbili za theluji. Mama yake mzazi alifariki mwaka 1958 kwa dalili ambazo leo tunaamini zilikuwa za maradhi hayo hayo. Aliuguzwa na binti yake wa kwanza, aliyeacha kazi kwa ajili hiyo. Alipenda tende na alikuwa akipewa nusu moja siku za Ramadhani, na nusu ya pili akimpa mjukuu wake mdogo kabisa, ambaye sasa ana miaka 12 na amepimwa."